Widad Lazima Afe

Aliyebisha hodi alikuwa marehemu mwenyewe.

Wiki iliyopita, msomaji wangu, tulimwacha Fikri Bahrawi, mtunzi wa tamthilia, ameinamia kompyuta ofisini kwake Kairo akiandika kifo cha Widad, na mlango ukagongwa. Kama ulikisia ni polisi, umekosa. Kama ulikisia ni mwanamke, umepata, ila huyu ni mwanamke ambaye Fikri angeona nafuu aje polisi.

Ni Inshirah Qandil, mwigizaji anayecheza kama Widad. Kabla hajawa Widad alikuwa mke wa Fikri kwa miaka mingi, na tangu wapeane talaka hakuwahi kumsemesha. Wanafanya kazi studio moja, wanapishana kwenye ngazi zilezile. Akitaka maneno yake yabadilishwe, humtuma mwongozaji. Sasa alisimama kizingitini, kilemba cha Widad kichwani, poda upande mmoja wa uso.

"Nasikia unaniua," alisema.

"Si mimi. Ni takwimu."

"Na huyo Takwimu ni nani? Mwite nimwone."

Swali zuri. Wewe uliyeanza kusoma leo nawe unastahili jibu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Ramadhani ikiingia, Misri nzima inafuturu halafu inakaa mbele ya televisheni. Kampuni za samli na sabuni zinalipa, mwigizaji analia, mtazamaji analia, samli inanunuliwa. Kisha simu zikaja, wauza samli wakahamia huko, na studio ikaanza kukauka kama kisima cha jangwani. Ikanunuliwa na Qamarein, kampuni ya vijana waliotajirika kwa kuuza viatu kwa simu. Vijana hao waliona kwamba aliyeweza kumuuzia mtu kiatu bila kukijaribu hawezi kushindwa kumuuzia machozi.

Siku hizi mtu anajiunga, analipa kila mwezi, anatazama saa anayotaka. Na nyuma ya kioo kuna mtambo unaojua nani ametazama nini, ameachia wapi, amerudi lini. Bado haujui nani amepiga miayo, lakini jambo hilo linashughulikiwa.

Mtambo ule ulikuwa umesema hivi. Katika tamthilia ya *Ngazi za Nyuma*, kila Widad anapoingia jikoni kwake, zaidi ya nusu ya watazamaji wanaondoka. Wanapotokea wale wapenzi wawili vijana kwenye ngazi, watazamaji wapya wanamiminika. Kwa hiyo Widad afe, ngazi zibaki. Na kwa kuwa tamthilia za Ramadhani hupigwa picha huku zinaonyeshwa, afe wiki hiyohiyo.

Fikri alimweleza Inshirah yote hayo akiwa anaangalia kibodi. Alipomaliza, Inshirah aliuliza jambo moja tu, kama kweli watu wanaondoka wakimwona. Fikri akasema ndiyo. Inshirah akakaa. Alikuwa mwanamke ambaye picha yake iliwahi kufunika ukuta mzima wa sinema pale katikati ya mji, magari yakagongana kwa kuitazama.

"Mwanamke wa umri wangu ana nafasi mbili tu katika nchi hii," alisema. "Mama na maiti. Mama mmenipokonya. Hiyo maiti umeiandikaje?"

Fikri akamweleza: kitandani hospitali, moyo, machela, wanawe wanalia.

"Widad hana ugonjwa wa moyo. Widad amelea watoto watano kwenye vyumba viwili, moyo wake ni wa nyumbu. Kama unataka kumuua, muue jikoni, amesimama."

Akaondoka. Fikri akabaki na harufu ya poda na onyesho la hospitali ambalo sasa hata yeye aliliona la kijinga.

Siku ya pili kulikuwa na kikao, na hapa sina budi kukukaribisha ndani ya Qamarein, lakini vua viatu kwanza. Ndiyo utaratibu. Viatu vinaleta unyonge wa mawazo, kwa maelezo ya Tamim Wagdi, kijana mkuu wa kampuni, na huyu ni mtu aliyetajirika kwa viatu.

Viti havikuwepo. Viti vinaleta matabaka. Walikalia mifuko mikubwa laini iliyojaa punje, na Fikri, mwenye mgongo wa mtu aliyeandika tamthilia kwa nusu ya maisha yake, alizama ndani ya mfuko wake kama ngamia aliyekataa safari. Hakuna ustadh, hakuna mhandisi, hakuna hajati. Tamim aitwe Tamim. Mzee wa taa, ambaye hajawahi kumwita bosi kwa jina tupu tangu azaliwe, alitatua tatizo hilo kwa kutomwita kabisa. Mpika chai naye aliondolewa siku ya kwanza ya mfungo, nafasi yake ikachukuliwa na mashine. Ulikuwa uamuzi wa busara kwelikweli, maana mpika chai akiondolewa Ramadhani, hakuna atakayegundua mchana mpaka Idi.

"Sisi ni familia," Tamim alianza, kama alivyoanza kila kikao, na kila aliposema hivyo kuna mtu alipoteza kazi.

Akaeleza kwamba enzi za kuuza samli zimekwisha. Qamarein haitapokea tangazo hata moja, kwa kuwa inauza kitu kitakatifu zaidi, nacho ni muda wa mtu. Anayewafukuza watu anaiba muda. Widad anaiba muda. Kando yake aliketi Yumna, binti anayesoma takwimu, akitikisa kichwa kukubali. Yumna si mtu mbaya. Ni mtu anayeamini kinachoandikwa kwenye kioo, kama wengine wanavyoamini bahati iliyosomwa kwenye kahawa iliyobaki kikombeni.

Fikri alijitutumua kutoka ndani ya mfuko akasema Wamisri hawatazami nyumba isiyo na mama. Nani atawagombeza wale wapenzi kwenye ngazi? Mapenzi yasiyo na wa kuyagombeza yana utamu gani?

Tamim aliguswa. Alisema huo ndio ujasiri wanaoutaka, mtu aseme lililo moyoni bila woga. Akaomba makofi. Wakampigia Fikri makofi, kisha amri ikabaki palepale ilipokuwa.

Ndipo Inshirah akaingia, na viatu vyake miguuni. Hakuna aliyethubutu kumwambia avue.

Wote walidhani amekuja kulia au kugombana. Akasema amekubali kufa. Ila atafia jikoni, sufuria ya kweli, moto wa kweli, mlukhiya wa kweli, na kamera isikatwe mpaka aanguke.

Tamim alifurahi mno. Mama kufa jikoni mwezi mtukufu, hilo lilikuwa gumzo la mtandaoni lisilohitaji kulipiwa. Akauliza kama angeweza kuanguka huku ameshika simu yenye alama ya Qamarein. Inshirah alimtazama. Alimtazama mpaka Tamim mwenyewe akasema basi, lilikuwa wazo tu.

Wakapiga picha jioni ile, karibu na magharibi.

Sijui kama umewahi kufungwa ndani ya chumba na watu waliofunga, taa za moto juu, huku mwanamke anapika mlukhiya hatua chache mbele yako. Ni mlenda huohuo tunaoujua, lakini Wamisri wanaukatakata mpaka unakuwa uji wa kijani, wanaupika kwa mchuzi wa sungura. Inshirah aliupika kimya. Chumvi aliipima kwa macho, kwa vile ulimi ulikuwa umefunga. Kisha akakaanga kitunguu saumu na giligilani ndani ya samli, na harufu ile ikapanda, ikazunguka, ikawaingia mpiga picha, mzee wa taa, na mshika kipaza sauti.

Mwanamke wa Misri akimimina samli hiyo ya kitunguu ndani ya mlukhiya, lazima avute pumzi kwa mshtuko, *haaa*, kama aliyeona nyoka. Asipovuta, chakula hakikubali. Mama zao walisema hivyo, na hakuna aliyewahi kujaribu vingine.

Inshirah akamimina. Akavuta pumzi ile. Haikutoka tena.

Alishika ukingo wa jiko, akazima moto kwanza, kama ambavyo Widad angefanya, kisha akateremka taratibu mpaka chini. Mwongozaji alisahau kusema kata. Fikri, aliyeandika kila kitu isipokuwa ule mkono kuzima moto, aligundua kwamba amesimama.

Adhana ikawatoa hapo. Marehemu akainuka, akajipangusa magoti, akawauliza wanangoja nini. Wakafungua kwa tende, kisha wakaila ile sufuria yote, wamekaa sakafuni, mkate mkononi. Fikri naye alipata sahani. Hakuwa ameonja mlukhiya wa mwanamke huyu tangu talaka, na tangu talaka alikuwa akiwaambia watu kwamba si mzuri kiasi hicho. Alikula kichwa chini.

Sehemu ile ilionyeshwa kesho yake baada ya futari, na sasa tumwache marehemu tumfuate muuaji.

Tamim alifuturu kwa mama yake, Hajati Suhair, kule mtaa wa Misri Mpya, pamoja na mama zake wadogo wawili. Alitaka kuona kwa macho yake namna watu wa kawaida watakavyoupokea uamuzi wake. Kwa Tamim, mama yake ndiye mtu wa kawaida aliye karibu.

Sehemu ikaanza. Wapenzi wakazungumza kwenye ngazi. Hajati akachukua fursa hiyo kuulizia habari za mtoto wa jirani. Kisha Widad akaingia jikoni. Hajati akanyamaza, akatazama kidogo, akatazama kaango linavyochemka, halafu akachukua kidhibiti akasimamisha picha. Wote watatu wakainuka wakaelekea jikoni.

Tamim akabaki peke yake na Widad aliyeganda kwenye kioo, kijiko hewani.

Aliwafuata. Akawakuta wamefunua masufuria, wanapasha wali, wanapasha mchuzi, mmoja anakaanga mayai. Akawauliza kwa nini wameondoka.

"Nani ameondoka?" Hajati alisema. "Kila siku Widad akipika tunashikwa na njaa upya. Hata nyumba za jirani ni hivyo, utasikia milango ya makabati inavyogongana jengo zima. Tunamsimamisha ili asipike bila sisi. Tukishapakua tunarudi kula naye."

"Mnasimamisha kwa muda gani?"

"Mpaka chakula kipate moto, mwanangu. Mchuzi nao una ratiba yako?"

Tamim alitoka akaenda roshani, akampigia Yumna. Aliuliza swali ambalo angepaswa kuliuliza kabla ya Ramadhani: mtu akisimamisha picha, mtambo unamhesabu vipi?

Yumna akakagua. Kisha akasema mtu akisimamisha kwa muda mrefu, mtambo unamwandika kuwa ameondoka. Na akirudi, unamwandika kuwa mtazamaji mpya. Na pale wanaposimamisha, Widad anakuwa amekaribia kumaliza kupika, kwa hiyo wakirudi kinachofuata ni...

"Ngazi," Tamim alisema.

"Ngazi," Yumna alisema.

Kwa ufupi, msomaji wangu, wapenzi wale wawili hawakuwahi kumleta mtu yeyote. Walikuwa wakihesabiwa wageni wa Widad waliokwenda kuchukua sahani.

Kule ndani wanawake wakarudi na vyakula vyao, wakabonyeza, wakaanza kula na Widad. Kisha Widad akaanguka. Tamim, akiwa roshani na simu sikioni, alimsikia mama yake. Hakupiga kelele. Aliweka tu sahani mezani, na hakuigusa tena.

Siku iliyofuata Misri iliamka na msiba. Wanawake walipigiana simu kupeana pole. Mtaa mmoja wa Imbaba ulifunga turubai la matanga na kumwita msomaji wa Kurani, naye alipoambiwa marehemu ni mtu wa tamthilia alitafakari, akasema rehema haina hasara, akasoma. Waombolezaji wakatafuta wa kumlaumu, na hawakuhangaika sana. Wakajitoa Qamarein. Walijitoa kwa maelfu, wengine wakieleza sababu kwa maneno ambayo gazeti hili la familia haliwezi kuyachapa. Kengele ya ofisini, iliyokuwa ikipigwa kila wanapojiunga wateja wapya, mtu aliitoa akaificha kabatini.

Tamim aliitisha kikao cha dharura na alionekana ametulia kabisa. Alisema siku zote amekuwa akisisitiza kwamba mama ndiye nguzo ya familia. Alisema anashangaa kuona kampuni ilivyotekwa na takwimu na kusahau binadamu. Kuanzia leo kauli ya kampuni ni "Jiko Kwanza". Kampuni moja ya samli ilikuwa imepiga simu asubuhi ile, nayo ikapokelewa kwa heshima zote, kwa vile samli, Tamim alieleza, si tangazo, ni utamaduni.

Fikri alitamani kumpigia makofi.

"Mfufue," Tamim akamwambia.

"Ameanguka mbele ya nchi nzima."

"Ameanguka tu. Nani alisema amekufa? Ulimwona daktari?"

Hilo lilikuwa kweli, kwa sababu hospitali ilikuwa imeondolewa. Ila kulikuwa na tatizo dogo. Inshirah hakuwa akipokea simu. Ikabidi waende nyumbani kwake Shubra wao wenyewe, Tamim na Fikri, wakapanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, ambako Fikri hakuwa amepanda tangu siku alipoteremka na sanduku lake.

Inshirah aliwafungulia akiwa na kanzu ya nyumbani. Akawakaribisha kwenye viti. Viti vya kweli, vyenye miguu. Tamim alivua viatu kwa mazoea, akaona yeye peke yake ndiye aliyevua, akakaa hivyohivyo na soksi zake.

Akaanza kumwita mama. Akamweleza habari za Hajati Suhair na mayai, za matanga ya Imbaba, za makosa ya mtambo. Inshirah alisikiliza. Tamim alipofika pale kwamba watu walikuwa wakimsimamisha ili wale naye, Inshirah aligeuza uso akatazama dirishani, na Fikri, anayejua mabega yale, alijua analia. Fikri hakusema neno. Tamim naye angekuwa na akili angefanya hivyohivyo.

Lakini Tamim aliuona ukimya wa Inshirah akaogopa kwamba anamkosa. Akataka kujisafisha.

"Na wala mama usidhani mimi nilikuchagua wewe," alisema. "Mimi nilitoa majina mawili tu, wewe na mzee Uthman anayecheza bawabu. Wote mlikuwa chini kwenye takwimu. Nikasema afe mmoja. Kuchagua alichagua mtunzi."

Ndiyo, msomaji wangu. Sikukwambia wiki iliyopita kwa sababu Fikri hakutaka mtu ajue, nami nilimheshimu mpaka Tamim alipofungua mdomo. Majina yalikuwa mawili. Uthman ni mzee anayecheza bao la dadu na Fikri kila Ijumaa. Fikri alikuwa ameambiwa achague, naye hakuchukua hata muda wa kuwasha sigara.

Inshirah hakumtazama Fikri. Alifuta macho kwa mkono wa kanzu, akamuuliza Tamim sehemu ya kurudi kwake itapigwa lini. Tamim akasema kesho. Inshirah akasema atakuja, kwa sharti moja, ionyeshwe mubashara, palepale anapocheza, nchi nzima ikiona. Amechoka kukatwakatwa.

Tamim alishuka ngazi anaimba. Nyuma yake Fikri alishuka kama anabeba friji.

Kesho yake baada ya futari jiko la Widad lilikuwa limewashwa taa, na watazamaji walikuwa wengi kuliko siku yoyote. Waliojitoa walijiunga upya, wengine kwa ajili ya kuhakikisha tu. Fikri alikuwa ameandika hotuba ndefu ya kurudi duniani, yenye msamaha ndani yake sehemu tatu. Aliiandika akiwa na matumaini, na ni hatari mtunzi kuandika hivyo.

Widad akaingia jikoni, bandeji ya kule kuanguka mkononi, akachukua kitunguu saumu na kisu. Akamenya punje moja. Akaweka kisu chini.

"Mimi naitwa Inshirah Qandil," alisema, akiangalia kamera. "Nawashukuru mlionililia. Widad hajambo. Ila kabla sijapika, nina swali kwa mtu mmoja, na nataka alijibu mbele yenu kwa sababu pembeni ananidanganya. Fikri. Njoo hapa."

Mwongozaji alimgeukia Tamim. Tamim tayari alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha kukata matangazo. Yumna, macho kwenye kioo, akamwambia hakuna anayeondoka. Akamwambia wanaongezeka. Akamwambia hawasimamishi, na sahani hawafuati. Tamim alitazama zile namba zinavyopanda, akatazama mwanamke anayeivunja tamthilia yake mbele ya nchi nzima, akatoa kidole chake kwenye kitufe, akakiingiza mfukoni pamoja na mkono wote.

Fikri akaingia kwenye mwanga. Hakuwahi kusimama mbele ya kamera maishani, na ilionekana.

"Ulipewa majina mawili," Inshirah alisema. "Ukachagua langu. Kwa nini?"

Fikri alitafuta maneno kwenye kuta za lile jiko la mbao. Mtu aliyewapa maneno waigizaji wa nchi nzima hakupata hata moja zuri, kwa hiyo akatumia yaliyokuwepo.

"Uthman ningemuua, angekuja kunilaumu Ijumaa, tungecheza dadu yangeisha," alisema. "Wewe hukunisemesha tangu tuachane. Hata kunitukana hukunitukana. Nilijua nikikuua, utakuja."

Mshika kipaza sauti alikishusha mpaka kikaonekana kwenye picha, na hakuna aliyejali.

Inshirah alimtazama mtu huyu mzee mwenye mgongo mbovu, aliyeona ni rahisi kumuua mwanamke kuliko kumpigia simu. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyomtazama Tamim siku ile ya alama ya Qamarein.

"Wewe ni mpumbavu, Fikri," alisema.

"Najua."

"Tena mpumbavu sana."

"Najua, Inshirah."

"Basi vua koti unawe mikono. Kitunguu saumu hakijimenyi."

Fikri akavua koti. Akanawa kwenye sinki la bandia lisilotoa maji, akajipangusa kwa taulo kavu, akaanza kumenya. Alimenya vibaya. Inshirah akachukua kisu akamwonyesha, na kwa muda mrefu hakuna jingine lililotokea kwenye kioo cha Wamisri isipokuwa watu wawili wazima wanamenya vitunguu saumu, wakinong'onezana maneno ambayo kipaza sauti hakikuyapata.

Hakuna aliyekata. Mtambo ulikuwa haujawahi kuona kitu kama hicho.

Simu ya Tamim ikaita. Ilikuwa namba ya nje, ya matajiri wa nje waliowapa vijana wa Qamarein mtaji, watu ambao hawapigi isipokuwa kununua au kufunga. Tamim alipokea kwa mkono wa kulia, mgongo umenyooka, akisema ndiyo bwana, ndiyo bwana, na safari hii hakukumbuka kwamba matabaka yameondolewa. Kisha akanyamaza akasikiliza. Yumna aliona rangi inamtoka usoni.

"Wanataka kufunga?" alimuuliza.

"Hapana. Wamefurahi. Wanataka kufungisha." Tamim akarudisha simu mfukoni. "Wanataka ndoa. Ya kweli, na kadhi wa kweli, mubashara, usiku wa Idi. Wauza samli wameshakubali kuidhamini. Wametangaza tayari, tangazo limeshatoka kwenye simu za watu."

"Na bibi harusi anajua?"

Tamim alikuwa akimtazama bibi harusi kule jikoni, ambaye wakati huo alikuwa bado ameshika kisu.